Alama Haisomeki

Fomu iliuliza: umuhimu wa utafiti,
maneno yasiyozidi mia tatu.
Nikaandika "maradhi ya ngozi yatokanayo na kazi".
Nikafuta.
Nikaandika "asidi ya ganda la korosho".
Nikafuta.
Umeme ukakatika Newala, kama ada yake,
ukungu ukaingia dirishani bila hodi.
Simu imebaki asilimia tisa,
mwisho wa kupokea maombi saa sita usiku, saa za kwao,
nami sikuwa na hakika saa za kwao ndizo zipi.

Uani mama alikuwa bado anabangua.
Tako. Tako.
Kijiti juu ya ganda, ganda juu ya jiwe,
mafuta meusi yanaruka yanakotaka.
Vidoleni kajipaka majivu, juu ya majivu mafuta ya nyonyo,
kinga aliyoachiwa na mama yake,
ambaye naye mikono yake naikumbuka:
ilikuwa inang'aa.

Mwaka ule wa kusajili laini kwa alama za vidole
kijana wa kampuni alimfuta dole kwa kitambaa mara saba.
Kijimashine kikakataa mara saba.
"Mama, wewe huna vidole."
Foleni nzima ikacheka.
Somoe binti Likwata akanyanyua mikono yote miwili:
"Na hivi ni nini, mihogo?"
Mpaka leo laini yake ina jina la mjomba.

Basi nikaandika hilo.
Maneno mia mbili tisini na manne.
Nikatuma simu ikiwa na asilimia mbili, nikalala na viatu.

Jibu lilinikuta kwenye foleni ya maji,
ndoo yangu ya kumi na moja kutoka bombani.
*Tunayo furaha kukujulisha.*
Miaka mitatu: ada, maabara, posho ya kila mwezi.
Sikupiga kelele. Nilisogeza ndoo.

"Posho ya nini?" mama akauliza.
"Ya kuisoma mikono yako."
Akanyamaza, akapuliza majivu.
"Hiyo posho ni sawa na kilo ngapi?"
Nikapiga hesabu kichwani, kwa bei ya msimu ule:
kwa mwezi wangu mmoja
yeye angebangua hadi Ramadhani ya pili.
Nikamtajia nusu.
Akasema, "Mh." Mama yangu hadanganyiki kwa kilo;
kwa kilo ndiyo alinisomesha.

Sitawachosha na habari za maabara.
Marhamu ya kwanza iliganda kama ugali wa jana.
Ya tano ilichacha. Ya tisa ilimwasha panya,
nikatoka nje nikalia, si kwa ajili ya panya.
Ya kumi na nne, yenye nta ya nyuki wa Kitangari,
ilikaa juu ya ngozi, na mafuta ya ganda hayakupita.

Nikarudi nayo nyumbani kwenye kopo dogo,
pamoja na kidau cha wino na fomu ya ridhaa.
*Asiyeweza kuandika abonyeze dole gumba la kushoto.*
Akabonyeza kwa nguvu, kama anayebandika muhuri wa serikali.
Likatoka doa. Duara jeusi,
halina mstari, halina kilima wala bonde.

Baada ya wiki mbili kamati ikairudisha.
"Mshiriki namba moja: alama haisomeki.
Tafadhali rudieni."

Tukarudia. Dole la kulia. La shahada. La kati.
Madoa manne, pacha wa kuzaliwa.
Nikayaviringa kwa kalamu nyekundu, yote manne,
pembeni nikaandika: *Yasomeni hivyo hivyo.*

Mama hakungoja nimalize.
Alikwisha fungua kopo, akalinusa, akakunja uso.
"Esha, hii inanukia mno.
Harufu ikiingia kwenye korosho mnunuzi atazikataa.
Nenda kaipunguze kwanza."
Akavuta jiwe. Tako.

Nimeandika daftarini: namba kumi na tano, bila harufu.